Kidole cha Mama kwenye Simu ya Duka

Mama alipiga simu saa nane na nusu mchana, siku ya pili baada ya upasuaji wangu, wakati nimelala chali katika hospitali ya misheni Peramiho nikiwa nimekatazwa hata kukohoa kwa nguvu. Hakunisalimu. Mama yangu akipiga simu bila salamu, ujue kuna kitu kimeungua au kuna mtu amekufa.

"Simu yako imenikataa," alisema.

"Imekukataaje? Si uweke kidole."

"Kidole nimeweka, simu imefunguka. Lile kabati lako la paswedi ndilo limekataa. Na hapa nina mtoto wa watu ametoka Namtumbo na basi la asubuhi, anasema mwisho ni leo saa kumi. Analia, mwanangu."

Nilijaribu kuinuka. Mshono ukanikumbusha nilipo, nikarudi kwenye mto huku nimeuma meno. Shangazi aliyekuwa ananiuguza alikuwa ametoka kufua, na kitochi changu, simu ndogo ya vitufe, nilikuwa nimekibana kati ya sikio na mto. Saa nane na nusu. Ilibaki saa moja na nusu.

Nina steshenari pale Majengo, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi na kompyuta mbili, moja ikiwa ni ya kuonyesha tu kwamba ziko mbili. Kinachonilisha si fotokopi. Ni maombi ya mtandaoni: vyuo, ajira, mikopo ya wanafunzi, vyeti vya kuzaliwa. Mtu anakuja na bahasha ya vyeti, namfungulia barua pepe, namtungia neno la siri, najaza, natuma. Nikishamaliza namwandikia neno lake la siri kwenye karatasi na kumkabidhi, naye anaitazama ile karatasi kama mtu aliyepewa kifaranga cha mwewe, kisha ananirudishia.

"Dada, kaa nayo wewe. Sisi tutaipoteza."

Mwanzoni niligomba sana. Niliwaambia neno la siri ni kama mswaki, halikai kwa jirani. Walicheka, wakakubali, wakaondoka, na karatasi ikabaki juu ya kaunta. Mzee anayelala na ufunguo wa ghala lake shingoni aliniachia ufunguo wa maisha ya mwanawe bila hata kugeuka nyuma. Mwisho nilichoka kugomba, nikanunua daftari kubwa la kaunta na kuwaandika wote humo, jina, barua pepe na neno la siri, kwa kalamu ya wino wa bluu.

Mvua za Februari moja bati likavuja usiku kucha juu ya daftari lile. Asubuhi nilikuta kurasa za katikati zimekuwa bluu tupu. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, halafu nikaokoa nilichoweza kuokoa, nikaingiza yote kwenye simu ya duka, ndani ya programu ya kutunza maneno ya siri. Mama aliposikia maelezo yangu akaiita kabati, na jina likabaki hilo. Kabati linafungwa kwa nywila kuu moja, na programu yenyewe inakushauri uchague sentensi ndefu, unayoijua peke yako, ambayo huwezi kuisahau hata ukiamshwa katikati ya usingizi. Nilichagua yangu bila kufikiri mara mbili. Baada ya siku chache nikawasha kufungua kwa alama ya kidole, na kuanzia siku ile sikuiandika tena. Gumba langu lilitosha.

Daktari aliponiambia uvimbe kwenye kizazi lazima utolewe, jambo la kwanza nililowaza halikuwa kisu. Niliwaza watu wa kabati. Nikifia mezani, nani atawafungulia? Kwetu mtu akienda kulazwa, funguo zake humwachia mama yake, hata kama ana mume na wifi kumi. Mimi mume sina, tuliachana. Nilikuwa na sababu zangu za kusita kumwachia mama jambo linalofungwa na kufunguliwa, lakini mila haiulizi una sababu gani. Nilikwenda kwake Mshangano alasiri ya Jumapili, nikamkuta anapukuchua mahindi, nikamwambia anawe mikono aje nimsajili.

Ilichukua karibu saa nzima. Vidole vya mama vimeshika jembe tangu kabla sijazaliwa, na mahindi yalikuwa yamemaliza ngozi iliyobaki. Gumba la kulia simu ililikataa kabisa. "Bonyeza, inua. Bonyeza tena. Mama, usikandamize, si tofali." Alinawa tena, akajipaka mafuta, akajifuta. Mwisho gumba la kushoto likakubalika. Alipoliweka na kioo kikawaka, alicheka mpaka kuku wakatawanyika.

Nilimpa masharti mawili. La kwanza, simu hii usimpe mtu, hata akija padri. La pili, mteja akifika ataje jina lake, fungua kabati, tafuta jina, msomee lake tu, funga. Akayarudia yote mawili. Nami nilimwonyesha kabati liko wapi kwenye kioo, lakini sikumwambia alifungue kwa kidole chake tuone. Mimi ninayewagombeza watu kutwa nzima kwa kutuma fomu bila kuikagua, sikukagua.

Sasa, kitandani, nilimwambia mama anisomee maneno yaliyoandikwa kwenye kioo. Mama husoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani.

"Alama za vidole kwenye kifaa hiki zimebadilika. Andika nywila kuu ili kuendelea."

Nilielewa papo hapo, na kilichoniuma zaidi ni kwamba programu ilikuwa na haki. Nilipoongeza kidole kipya kwenye simu, kabati lilidhani ni mwizi aliyeiba simu akajisajili, likajifungia vidole vyote, na changu pia. Hata ningekuwa dukani mwenyewe, gumba langu lingekataliwa. Kilichobaki ni ile sentensi.

"Nywila kuu ndiyo nini?" mama aliuliza.

"Ni sentensi."

"Basi iseme niiandike. Kalamu ninayo."

Nikaiangalia dari.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: mama alificha barua yangu ya kidato cha tano.

Nilifaulu kidato cha nne, tena vizuri, wa kwanza katika ukoo wetu. Mama akaenda mjini kuangalia majina ya waliochaguliwa, akarudi, akaweka kapu chini, akasema jina langu halimo. Nililia siku tatu. Mwalimu wangu alihama mwaka uleule, hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Nikajifunza kuchapa kwa watawa, nikapata kazi ya kuchapa barua, nikafika hapa nilipo. Miaka sita baadaye, nikitafuta cheti changu cha ubatizo kwa ajili ya ndoa, nilifungua sanduku la bati la mama na kuikuta ile barua chini ya vitenge. Jina langu, shule ya wasichana ya huko Iringa, tarehe ya kuripoti, orodha ya vitu vya kuleta: ndoo, shuka mbili, kwanja la kufyekea majani. Niliirudisha palepale, nikafunga sanduku. Sikumuuliza siku ile wala siku nyingine yoyote.

Sababu nazijua. Baba alikuwa kitandani na kifua, shamba halina mtu, wadogo zangu wanne wako nyuma yangu. Kuzijua hakukunisaidia kitu. Kila mwaka msimu wa maombi ukifika nilikuwa nawapeleka mabinti wa watu vyuoni kwa mkono wangu, mmoja baada ya mwingine, nikibonyeza tuma, tuma, tuma, na kila nikifungua kabati asubuhi ya siku za mwanzo, kabla sijawasha kidole, niliiandika ile sentensi kama mtu anayejikuna kidonda. Ilikuwa yangu peke yangu. Sikuwahi kuitamka hata kwa padri wa maungamo.

"Halo? Umelala?" mama alisema.

"Nimesahau, mama."

"Umesahau?"

"Dawa zimenivuruga kichwa. Siikumbuki."

Nilisikia nyuma yake mtu anavuta kamasi. "Basi pumzika ukumbuke. Nitapiga tena baada ya dakika kumi."

Dakika kumi zile sikupumzika. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na mchana ule vyote vilikuwa kimya, wagonjwa wameshiba, wengine macho wazi hawana la kufanya ila kusikiliza. Nilitafuta njia ya kuzunguka. Neno la siri jipya kwa yule binti? Lingetumwa kwenye barua pepe yake, na kuifungua barua pepe yake kulihitaji neno la siri lililo kabatini. Namba ya simu iliyosajiliwa kwenye barua pepe ilikuwa ya kaka yake, na laini ile ilishafungwa zamani. Nilikumbuka kwa sababu nilimgombeza. Kila mlango niliougusa ulirudi kabatini.

Mama alipopiga tena nilikuwa nimeshapata ujanja.

"Mama, mpe huyo binti ile simu kubwa, na hicho kitochi chako aongee na mimi. Mimi na yeye tutamaliza."

"Simu kubwa simpi."

"Nimekwambia umpe."

"Uliniambia nisimpe mtu hata padri."

"Na sasa nakwambia mpe!"

"Aliyeniambia Jumapili alikuwa na akili timamu," mama alisema kwa utulivu. "Wewe leo una dawa kichwani. Umesema mwenyewe."

Uongo wangu ukanirudia. Ningeweza kumpigia kelele, lakini mshono haukuruhusu kelele. Na nitasema ukweli: alikuwa sahihi. Humo kabatini mna watu zaidi ya mia, na mimi nilikuwa tayari kumkabidhi mgeni ufunguo wao wote ili tu mama yangu asisome maneno manane.

"Basi nipe niongee naye tu," nilisema.

Kitochi kikabadilisha mkono. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyelia akanawa uso, akalia tena.

"Shikamoo dada. Pole na kuumwa."

"Marahaba. Pole na wewe. Ilikuwaje ukangoja mpaka leo?"

"Dada, tulikuwa tunafunga tumbaku kwa mjomba, kule ndani hakuna mtandao. Habari nimepata jana jioni. Nimechaguliwa vyuo viwili, uuguzi ndio nautaka, wanasema usipothibitisha kimoja leo nafasi anapewa mwingine." Alivuta pumzi. "Baba aliniambia nenda kwa yule dada, yeye ndiye anayekaa na mambo yetu. Inshallah utakumbuka, dada. Mimi nakungoja hapahapa."

Nilimwambia asiondoke, awashe kompyuta ile iliyo karibu na mlango, afungue ukurasa wa chuo. Alijibu ndiyo kwa kila neno. Nilisikia kiti kikiburutwa sakafuni.

Nilikuwa nimelala na khanga juu ya kifua. Nilimuona yule binti ingawa sikuwa naikumbuka sura yake: amekaa wima mbele ya kompyuta, mikono mapajani, vidole vyeusi vya utomvu wa tumbaku. Nikawaza, saa kumi ikipita atarudi Namtumbo na kumwambia baba yake kwamba dada amesahau. Atajifunza kitu kingine. Pengine kuchapa. Nilikasirika kiasi kwamba machozi yalinitoka, na sikujua nimemkasirikia nani kati ya watu wote wale, nikiwemo mimi.

"Nirudishie mama," nilisema.

Saa tisa na dakika ishirini nilijifunika khanga mpaka kichwani, kama mtu anayeona mwanga unamsumbua, nikaweka kitochi karibu na mdomo.

"Mama. Zima spika ya hicho kitochi. Kiweke sikioni."

"Nimekibana begani. Nina mkono mmoja tu wa kuandikia."

"Unatosha. Pale pa kuandika, pembeni kuna kialama cha jicho. Kibonyeze, ili uone unachoandika, la sivyo utaona nukta tu."

"Nimekibonyeza."

"Herufi ndogo zote. Usiruke nafasi, maneno yashikane."

"Sema."

"Mama."

Nilisikia kucha yake ikigonga kioo, mara nne, taratibu. "Nimeandika mama. Endelea."

"Alificha."

"Ali," alisema. "Ficha." Kucha iligonga, ikatulia, ikagonga. "Haya."

"Barua."

Safari hii hakurudia neno. Nilisikia kugonga tu.

"Yangu."

Kugonga.

"Ya kidato."

Kugonga kulisimama. Nilisubiri. Huko dukani pikipiki ilipita ikipiga honi, na mtu mlangoni akauliza bei ya daftari, mama hakumjibu. Hapa kwangu, kitanda cha jirani, mwanamke mmoja aligeukia ukutani akavuta shuka yake masikioni, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Cha tano. Basi, imeisha. Bonyeza fungua."

Nilihesabu pumzi zangu. Nilifikia nane au tisa.

"Imekataa," mama alisema. "Inasema si sahihi."

Sijui kama nilitamani kucheka au kupiga mayowe. Nilikuwa nimevua nguo mbele ya mama yangu, na mlango haukufunguka. Niliwaza labda nimekosea mimi, labda miezi yote ile ya kutumia kidole imekula neno moja katikati. Niliipitia sentensi kichwani. Haikupungua kitu. Nilikuwa naijua kuliko Baba Yetu.

"Ulikosea wapi?" nilimuuliza kwa ukali.

Nilimsikia akihema. Kisha, mbali kidogo na kitochi, nilisikia sauti ya yule binti ikisema, "Bibi, ni saa tisa na nusu," na mama akamwambia, "Naona, mwanangu. Kaa."

Akarudi kwangu. "Mkono uliteleza. Rudia."

Nikarudia. Lile neno la kwanza, la pili, la tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeyasema kama mtu anayetema mbegu, haraka, nisiyaonje. Safari hii nilichoka, na uchovu hauna haraka. Niliyasema sawasawa, moja moja, na yote yalisikika vile yalivyo. Nilipofika mwisho sikumwambia abonyeze. Nilingoja.

"Nakusomea kwanza," mama alisema, "tusikosee tena." Akasoma, polepole, kwa sauti ileile ya kanisani, sentensi yangu yote tangu mwanzo hadi mwisho. "Ndivyo?"

"Ndivyo."

Kucha iligonga mara moja.

"Limefunguka. Jina la binti nani?"

Nilimtajia. Akalitafuta, akalipata, akamsomea binti neno lake la siri herufi kwa herufi, nami nikasikia vidole vikikimbia kwenye kibodi ya kompyuta. Binti akasema ameingia. Akasema ameomba namba ya uthibitisho. Akasema wameandika subiri. Mama akasema, "Anasubiri na anasu…" na simu ikakatika.

Salio la mama lilikuwa limekwisha, langu lilikwisha jana. Nilimwita nesi, nikaambiwa yuko wodi ya pili. Nilimuomba jirani yangu wa kitanda simu, akanionyesha kwa mikono kwamba yake imezimika. Nikabaki natazama saa ya ukutani, ile ya plastiki yenye picha ya Bikira Maria katikati. Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Kasoro kumi. Nilijua mtandao wa pale dukani, siku nyingine namba ya uthibitisho huja kwa dakika moja, siku nyingine unakunywa chai ukamaliza. Kasoro tano. Saa kumi ikafika, ikapita, na wageni wakaanza kuingia wodini na vikapu vyao, wakisalimiana kwa sauti, na hapakuwa na wangu hata mmoja.

Saa kumi na nusu ujumbe uliingia kwa namba nisiyoijua. "Dada nimethibitisha imekubali. Zilibaki dakika nne. Mungu akulipe. Bibi kaniambia nisikupigie umelala."

Niliusoma mara tatu. Nilifurahi, furaha ya kweli, mpaka shangazi aliporudi na nguo mkononi aliniuliza kama nimepewa ruhusa ya kutoka. Halafu nikasoma tena pale mwisho. Mama alijua vizuri kwamba sijalala. Jioni nzima hakupiga.

Alikuja kesho yake saa kumi, na hotipoti ya uji wa ulezi na ile simu ya duka ndani ya mfuko wa nailoni. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Akamsalimia kila mgonjwa, vitanda vyote saba, pole, pole, pole, akachelewa kwenye kila kimoja. Shangazi akatoka kwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Mama akakaa kwenye stuli, akaniambia nguruwe wa jirani wameingia kwenye mihogo, akaniambia bei ya mahindi, akaniambia daftari nne zimenunuliwa. Nikamwitikia. Tuliendelea hivyo mpaka mihogo ikaisha.

"Baba yako alikuwa anatema damu," alisema, akitazama mikono yake. "Hiyo sikupi kama sababu. Nakwambia tu ilivyokuwa."

Nilikuwa naitazama hotipoti.

"Lakini usiandike kwamba nilificha, kama mtu aliyeficha mara moja basi. Barua ilifika tarehe ya kuripoti ikiwa bado wiki mbili. Kila asubuhi nilikuwa naitoa sandukuni. Nasema leo nampa. Halafu nasikia baba yako anakohoa, naangalia shamba, naangalia wadogo zako, nairudisha. Kesho yake tena. Wiki mbili nzima, mwanangu. Kila siku nilikuwa na nafasi ya kukupa."

Miaka yote nilikuwa nimengoja siku atakayojitetea, na majibu yangu nilikuwa nimeyapanga kama vyombo kabatini, makali yote. Hakujitetea. Alijishtaki zaidi ya nilivyomshtaki mimi, na majibu yangu yote yakakosa pa kukaa. Nililia. Kulia ukiwa na mshono ni adhabu, kila kwikwi ni kisu, na mama alinikandamizia mto tumboni kwa mikono miwili kama nesi alivyonifundisha, bila kuambiwa.

Nilipotulia akatoa simu kwenye mfuko.

"Kitoe kidole changu humu. Mimi si mtu wa kuachiwa barua za watoto wa watu."

Niliichukua. Nikafungua kabati kwa sentensi ileile, yeye akiangalia pembeni. Programu ikaniuliza kama nataka kuwasha tena kufungua kwa kidole, ikanionya kwamba kila kidole kilichosajiliwa kwenye simu hii kitaweza kufungua. Gumba langu na gumba lake. Ningeweza kulifuta la kwake kwa kugusa mara mbili.

"Jana," nilimwambia, "uliposikia nilichokuwa nakutajia, ungeweza kuniambia haifunguki. Ningeamini. Mimi mwenyewe nilishakudanganya kwamba nimesahau."

Mama alivuta ncha ya kitenge akaifunga, akaifungua.

"Nilikwambia," alisema.

"Uliniambia nini?"

"Mara ya kwanza. Haikukataa. Sikumaliza kuiandika. Nilifika kwenye kidato mkono ukaniacha, nikakwambia inasema si sahihi. Nilitaka iishe hapo." Akanitazama, ndiyo mara ya kwanza tangu aingie. "Halafu yule mtoto akaniambia saa. Alivyokaa pale na kibahasha chake. Ndipo nikakwambia rudia."

Wodi ilikuwa na kelele za wageni, vijiko, watoto. Nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikataka kuzimika, nikakigusa kisizimike.

Nikabonyeza kuwasha. Likauliza una hakika, nikabonyeza ndiyo. Kisha nikafunga kabati, nikamgeuzia simu, nikamwambia alete mkono wa kushoto. Alifuta gumba kwenye kitenge, akaliweka. Kabati likafunguka, majina yote ya watu yakajipanga kwenye kioo.

Sikuwa nimemsamehe, na nadhani alijua. Alilifunga, akanirudishia simu, akafungua hotipoti na kunimiminia uji.